Nani Huuambia Uboho wa Mfupa Utengeneze Eosinofili?

Shinkolobwe, karibu na Likasi katika mkoa wa Haut-Katanga, ni jina lisilotengana na urani. Madini yake yaligunduliwa mwaka 1915. Katika miaka ya 1920 kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliyachimba ili kupata radiamu, na baadaye sehemu kubwa ya urani ya bomu lililoangushwa Hiroshima mwaka 1945 ilitoka huko. Radiamu ikiingia mwilini, mwili huichukulia kama kalsiamu na kuihifadhi mfupani. Ndani ya mfupa mna uboho, nao ndio kiwanda cha damu. Kwa hiyo mkazi wa eneo hilo anayepewa karatasi ya maabara iliyoandikwa kwamba eosinofili zake zimezidi ana haki ya kuuliza: je, ni mgodi? Makala hii inaeleza kwa nini jibu hutafutwa kwanza mahali pengine.

Eosinofili ni aina mojawapo ya chembe nyeupe za damu. Paul Ehrlich aliieleza mwaka 1879 baada ya kuona kwamba punje zilizomo ndani yake hunywa sana rangi nyekundu ya eosini, jina linalotokana na neno la Kigiriki lenye maana ya alfajiri. Istilahi hii, basi, inataja sura ya chembe chini ya hadubini. Haisemi lolote kuhusu kazi yake wala asili yake.

Asili yake ni seli shina ya uboho, ambayo inaweza kuzaa chembe za damu za kila aina. Njia ya kila mzao huamuliwa na protini zinazowasha na kuzima jeni. Mojawapo ni GATA-1. Protini hiyohiyo huhitajika pia katika kutengeneza chembe nyekundu. Matokeo hutegemea kiasi chake na protini inazoandamana nazo. Mwanafunzi wa lugha hatashangaa: neno "kaa" likisimama peke yake halijulikani kama ni mnyama wa pwani, kipande cha moto au tendo la kuketi, mpaka lipate maneno ya kuandamana nayo.

Seli ikishashika njia ya eosinofili, huota juu yake kipokezi cha intalukini-5, protini ndogo ya kupeleka habari kati ya seli. Intalukini-3 na protini iitwayo GM-CSF nazo hufanya kazi inayokaribiana na hiyo. Vipokezi vya protini hizi tatu vina sehemu moja ya pamoja na sehemu nyingine inayotofautiana, kama vitenzi vya mzizi mmoja vyenye viambishi mbalimbali. Sehemu ya pamoja hupitisha ujumbe ndani ya seli. Ile inayotofautiana hutambua mjumbe aliyefika.

Mjumbe huyo hutoka wapi? Tuchukue mnyoo unaopenya ukuta wa utumbo. Seli za ukuta huo zikijeruhiwa hutoa protini za tahadhari, kama intalukini-33. Tahadhari hizo huamsha seli za kinga, zikiwemo seli T saidizi za aina ya pili, nazo hutoa intalukini-5. Damu huibeba hadi kwenye uboho, na huko seli changa huongezeka, hukomaa na kutoka kwa wingi. Kazi hiyo huchukua takribani wiki moja. Eosinofili hukaa katika damu kwa muda usiofika siku moja kwa kawaida, kisha protini nyingine, iotaksini, huziita ziingie katika tishu.

Hapa tuchague kitenzi kwa uangalifu. Ni rahisi kuandika kwamba intalukini-5 "huamuru" eosinofili zizaliwe. Lakini panya waliokosa jeni ya intalukini-5 huendelea kutengeneza eosinofili chache. Wanachokosa ni ule wingi unaokuja minyoo inapoingia. Kwa hiyo ishara hii huzidisha na kurefusha maisha ya seli ambazo tayari zimeshika njia yao. Ikikoma, eosinofili hufa zenyewe. Ndiyo maana kingamwili ya mepolizumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa aina fulani ya pumu kali, hunasa intalukini-5 na kupunguza idadi yao bila kuubomoa uboho.

Turudi kwenye karatasi ya maabara. Mnunurisho mkali ukiudhuru uboho, kwa kawaida hupunguza chembe za damu za aina nyingi kwa pamoja. Eosinofili zikizidi peke yake, mara nyingi uboho ni mzima na unaitikia habari iliyotoka mbali: utumboni, mapafuni au kwenye ngozi. Safura, kichocho, pumu na mzio ni miongoni mwa mambo ya kuchunguzwa kwanza. Idadi hiyo haithibitishi sumu ya urani. Na ikiwa ya kawaida, haithibitishi kwamba mgodi hauna madhara.

Kukosea hapa kuna gharama. Dawa za jamii ya kotisoli hushusha eosinofili upesi, na karatasi ikaonekana safi. Lakini kama chanzo ni mnyoo wa strongiloidi, dawa hizo hudhoofisha kinga inayouzuia, nao unaweza kuenea mwilini na kuua. Mjumbe amenyamazishwa, ilhali aliyemtuma bado yumo ndani.