Je, Wajua? Gari Kuukuu na Maji ya Mto Tana

Je, wajua kwamba kifuniko kibovu cha rejeta chatosha kuchemsha injini? Maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi, lakini yakibanwa na kifuniko kizima huvumilia hadi karibu 120. Kwa hivyo gari la zamani likichemka njiani Malindi kwenda Garsen, acha lipoe, kisha kagua kwanza raba ya kifuniko kama imepasuka. Likichemka likiwa limesimama tu, shuku feni. Likichemka kwenye mwendo wa kasi, aghalabu rejeta imeziba. Na maji ya Mto Tana, yaliyojaa tope jekundu, huziba upesi vile vijibomba vyembamba vya ndani. Dereva, beba maji safi, na kamwe usifungue kifuniko injini ingali moto.