Kutambua Mahitaji ya Mafunzo katika Utafiti wa Shahada ya Udaktari: Mfano wa Ekegusii

1. Utangulizi

Mwanafunzi wa shahada ya udaktari katika isimu huhesabiwa kuwa amekwisha kufunzwa. Anayo shahada ya uzamili, pendekezo lake limekubaliwa, na kibali cha utafiti amekipata. Lililobaki, hudhaniwa, ni kwenda uwandani kukusanya data. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mahitaji ya mafunzo ya mtafiti hayawezi kujulikana yote kabla hajakutana na lugha yenyewe. Mfano unaotumika ni Ekegusii, lugha ya Kibantu ya Abagusii wa Kisii na Nyamira, magharibi mwa Kenya, ambao katika sensa ya mwaka 2019 walihesabiwa kuwa milioni 2.7 hivi.

2. Lugha inavyomdai mtafiti

Ekegusii ina irabu saba, lakini tahajia iliyozoeleka hutumia herufi tano tu: e husimamia irabu mbili, na o vivyo hivyo. Toni nayo hutofautisha maana, ingawa haiandikwi. Mtafiti aliyelelewa katika fonolojia ya Kiswahili, lugha ya irabu tano isiyotofautisha maneno kwa toni, hakuwa na sababu ya kulizoeza sikio lake mambo hayo. Akinukuu masimulizi ya wazee kwa tahajia ya kawaida, atakuwa amezifuta tofauti zilezile alizokwenda kuzichunguza.

Mzawa wa lugha naye hana kinga. Hutamka kogenda (kwenda) na korora (kuona), lakini gokora (kufanya) na gosoma (kusoma), wala hakosei. Akiulizwa sababu ya ko- kuwa go-, huenda asiwe na jibu. Sababu ni Kanuni ya Dahl: k ya kiambishi hugeuka g ikiwa silabi inayofuata inaanza kwa konsonanti isiyo ghuna. Ndiyo maana husemwa egesaku (ukoo), lakini Ekegusii. Basi mgeni huhitaji kufunzwa kusikia, na mzawa huhitaji kufunzwa kueleza anachokisikia tangu utotoni.

Kuna pia suala la lahaja. Rogoro husemwa upande wa kaskazini na Maate upande wa kusini. Nyamira ilitengwa na Kisii kuwa wilaya mwaka 1989, lakini mpaka huo ni wa utawala, si wa lugha. Mtafiti anayeteua wasemaji kwa kufuata mipaka ya kaunti hudhihirisha hitaji jingine: mafunzo ya uteuzi wa sampuli kwa misingi ya lahaja.

3. Namna ya kuyatambua mahitaji

Mahitaji hayo hufaa yatafutwe mara tatu. Kwanza, wakati wa kuandika pendekezo, kila swali la utafiti liulizwe: linadai stadi gani, na mtafiti anazo zipi?

Pili, ifanywe safari fupi ya majaribio. Dakika chache za mazungumzo zirekodiwe, kisha mtafiti na mtu mwingine mwenye ujuzi wazinukuu kila mmoja peke yake. Nukuu zao zinapohitilafiana, kosa lichambuliwe. Likiwa la irabu au toni, tiba ni mazoezi ya sikio. Likiwa la kugawa viambishi, tiba ni mofolojia. Sauti ikiwa haisikiki, tiba ni ufundi wa kurekodi. Mzee akiwa amejibu kwa neno moja moja, tiba ni adabu na mbinu za kuhoji. Msimamizi akisoma kurasa mbili za unukuzi wa namna hiyo atajua mengi kuliko yatakayoandikwa katika fomu yoyote.

Tatu, wakati wa uchambuzi, matokeo yalinganishwe na kazi zilizotangulia, kama ile ya W. H. Whiteley kuhusu njeo za Ekegusii (1960) na ya Jelle Cammenga kuhusu fonolojia na mofolojia (2002). Tofauti ikitokea, mtafiti aweze kueleza kama ameona jambo jipya au hakusikia vizuri. Asipoweza, mafunzo yake bado.

4. Hitimisho

Upungufu wa mafunzo usipotambuliwa mapema, hauishii kwa mwanafunzi. Tasnifu yenye unukuzi mbovu huwekwa maktabani, na wengine hujenga juu yake. Mzee aliyehojiwa vibaya leo huenda asipatikane kuhojiwa tena. Chuo Kikuu cha Kisii, kilichoanza kama chuo cha ualimu mwaka 1965 na kupewa hati ya chuo kikuu kamili mwaka 2013, kimo katikati ya wasemaji. Mwanafunzi wa hapo aweza kwenda uwandani, kurudi kufunzwa, na kwenda tena. Kinachotakiwa ni idara kuyahesabu mafunzo hayo kuwa sehemu ya utafiti, na kuyapangia muda wake tangu mwanzo.