Kutoanza sifuri: Jinsi kompyuta ilivyofunzwa haraka kutambua maradhi ya mihogo

MKULIMA anapoona majani ya mihogo yakijikunja na kuwa na mabaka ya njano, anahitaji jibu kabla ya kukata pingili za msimu ujao. Akipanda zenye virusi, ugonjwa huhamia shamba jipya, na nzi weupe huueneza bila kujali mpaka wa nchi.

Simu inaweza kumsaidia, lakini sharti kwanza programu yake ifundishwe. Hapo ndipo penye gharama. Mtandao wa neva, yaani mfumo wa akili mnemba unaojifunza kwa mifano, huoneshwa picha, hukisia, hukosolewa, kisha hurekebisha hesabu zake kidogo. Hurudia hivyo mara nyingi mno.

Mwaka 2012, Alex Krizhevsky, Ilya Sutskever na Geoffrey Hinton wa Chuo Kikuu cha Toronto, Canada, walitumia picha milioni 1.2 na vichakataji viwili vya michoro. Mafunzo yalichukua siku 5 hadi 6. Mwaka 2017, watafiti wa Facebook walifunza mtandao mwingine kwa picha hizo kwa saa moja tu, lakini kwa vichakataji 256. Si njia ya mwenye mfuko mdogo.

Ipo njia nyingine: kutoanza sifuri. Mtandao uliokwisha kusomea picha nyingi tayari unatambua kingo, rangi na maumbo. Huongezewa somo jipya tu. Fundi cherehani wa mashati akijifunza kushona suruali hafundishwi tena kutunga uzi.

Mwaka huo wa 2017, watafiti walitumia njia hiyo kwa picha 2,756 za mihogo zilizopigwa mashambani Tanzania. Mtandao ulijifunza magonjwa matatu, yakiwemo batobato na michirizi kahawia, pamoja na madhara ya aina mbili za utitiri. Ulipopewa picha usizowahi kuziona, ulipatia kwa asilimia 93. Baadaye wakulima walipata Nuru, programu ya simu inayochunguza majani ya mihogo hata pasipo intaneti.

Hata hivyo, mtandao hujua kile tu ulichooneshwa. Mihogo ya Burundi, Rwanda, Uganda na Kongo ina aina zake, na virusi havisubiri pasipoti. Majirani wakiweka picha zao pamoja, hakuna nchi itakayolazimika kuanza sifuri.