Bustani ya Nyumbani kabla ya Jalidi ya Kipupwe

Katika nyanda za juu za kusini mvua hukoma kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Mei, na hapo wengi wetu huliweka jembe pembeni. Yafaa wanachama watambue kwamba wiki hizo chache kabla ya Juni ndizo ziamuazo kama nyumba itapata mboga wakati wa kipupwe au itakaa bila. Bustani ikiungua Julai, familia huanza kula akiba ya maharage. Na yakiisha maharage ya chakula, huguswa yale ya mbegu. Mvua za Novemba hukuta ghala tupu.

Mharibifu mkuu ni jalidi, yaani ule umande ulioganda ukawa mweupe juu ya majani. Kila mkulima wa Njombe, Makete na Mufindi ameuona. Hata hivyo namna ujavyo haifahamiki vyema, na ndiyo sababu wako wasemao kwamba mboga zimerogwa, kwa kuwa bustani ya jirani aliye juu kidogo haikuguswa. Mchana udongo hupokea joto la jua, na usiku huliachia. Mawingu yakiwapo hurudisha chini sehemu ya joto hilo, kama blanketi. Anga likiwa wazi na upepo umetulia, joto hupotea. Hewa iliyo karibu na ardhi hupoa, huwa nzito, ikateremka mlimani taratibu kama maji mpaka ijae bondeni. Basi vinyungu vyetu, tuvipendavyo kwa unyevu wake, ndivyo vipigwavyo kwanza. Kipimajoto kilichotundikwa barazani chaweza kuonyesha nyuzi 3 au 4 za sentigredi, na huku majani ya viazi yameganda.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni mahali. Mimea isiyovumilia jalidi, kama nyanya, maharage, maboga na viazi mviringo, isiwekwe bondeni katika Juni na Julai. Ipewe mteremko ulio juu ya bonde, hata kama itamlazimu mtu kubeba maji. Bondeni zipandwe kabichi, sukuma wiki, karoti, vitunguu na vitunguu saumu. Njegere zahitaji uangalifu: majani yake huvumilia, bali maua na maganda machanga hufa. Tazama pia ua wa bustani. Ua mnene uliopandwa upande wa chini huizuia hewa baridi isipite, nayo hutuama ndani kama maji nyuma ya boma la mfereji. Fungua nafasi upande huo. Ua wa upande wa juu uachwe, kwani huigeuza hewa hiyo ipite kando.

Miche ya kabichi ioteshwe kitaluni mwezi wa Aprili, ihamishwe kabla Mei haijaisha, ili mizizi ishike udongo ungali na joto. Samadi iliyooza vizuri itiwe wakati huo huo wa kuhamisha. Wako watiao mbolea nyingi ya chumvichumvi mwishoni mwa Mei ili mboga zikimbie. Mboga hukimbia kweli, lakini majani yake huwa laini, na laini ndiyo huganda upesi.

Kuhusu matandazo, ushauri unaotolewa mara nyingi hauna budi kurekebishwa. Nyasi kavu zilizotandazwa hutunza unyevu, hilo halina ubishi. Lakini huuzuia udongo usipokee joto la mchana, na usiku huzuia lile kidogo lililomo lisiifikie mimea. Bustani iliyotandazwa huweza kuungua pale ambapo iliyo wazi, yenye udongo uliolowa na kushikamana, imesalimika. Penye mimea dhaifu, vuta matandazo kando usiku wa baridi kali unapotazamiwa. Mwagilia udongo mchana, si majani, kwani udongo wenye maji hutunza joto zaidi kuliko mkavu.

Kwa vitalu jenga kichanja cha mianzi, chenye urefu wa goti hivi, ukiezeke nyasi. Kifunikwe jua linapokaribia kuzama na kufunuliwa asubuhi jua likishapanda. Plastiki inayogusa majani haifai. Pale inapogusa, jani huganda.

Wanachama waliopanda miparachichi wakumbuke kwamba miche ya mwaka wa kwanza haina nguvu. Izungushiwe nyasi ndefu zilizofungwa juu kama msonge, ziachwe wazi upande wa jua la asubuhi. Mche ukiungua usiukate mara moja, wala usiung'oe. Matawi yaliyokauka huikinga sehemu iliyo hai dhidi ya jalidi ya usiku mwingine. Subiri mpaka baridi iishe na machipukizi yaonekane, ndipo ukate juu yake kidogo.