Mahubiri yanayopita simu kwa simu

Hapa Mboko mega zina bei, na kuchaji simu pia ni kulipa. Ndiyo maana mahubiri ya Jumapili hatuyatumi kwa intaneti. Shemasi anayarekodi, kisha jioni anawapitia wagonjwa na wazee waliokosa ibada, anawaachia kwa njia ya Bluetooth. Hata simu ndogo ya vitufe inapokea, na hakuna mega inayokwenda.

Bluetooth ni redio ndogo ndani ya simu. Simu inapoutafuta mnara ulio mbali hupaza sauti na kula chaji. Kwa Bluetooth inanong'ona tu na jirani, mara nyingi ndani ya mita 10 hivi. Ili isigongane na redio nyingine, inarukaruka kati ya njia 79, mara 1,600 kwa sekunde. Mwili wa mtu una maji mengi, nayo humeza mawimbi hayo. Ndiyo sababu spika ya kwaya hukatikakatika watu wakisimama kati yake na simu. Tangu 2010 kuna aina inayotumia nguvu kidogo zaidi: inasema neno fupi, inalala, inaamka tena. Ndiyo iliyo katika saa za kisasa na baadhi ya vipimo vya sukari.

Jina lenyewe (tulifurahi kulijua) ni la mfalme Harald Bluetooth wa Denmark, wa karne ya 10. Jiwe la kumbukumbu alilosimamisha Jelling linasema aliwafanya watu wake kuwa Wakristo. Kwa kuwa aliunganisha makabila, wahandisi wa miaka ya 1990 waliokuwa wakiunganisha simu na kompyuta walilichukua jina lake.

Lakini kuna jambo lililotuumiza. Sauti inayopita hivi haionyeshi nani alisema, wala lini. Safari moja sauti ya zamani, ikisema barabara ya Baraka imefungwa na watu wakimbie, ilizunguka kana kwamba ni ya siku ile. Akina mama walibeba watoto usiku wakashuka ziwani, mvua ikawanyeshea huko hadi alfajiri. Tulipouliza ilikotoka, tukakuta imepita katika simu za wanakwaya wetu. Hakuna aliyetaka kudanganya. Kila mmoja alidhani anamwokoa mwenzake.

Tangu siku hiyo kila rekodi yetu inaanza kwa kutaja jina la mhubiri, kanisa na tarehe. Sauti ya habari za usalama isiyo na hayo, kijana anampelekea kwanza mzee wa kanisa, naye anamuuliza chifu, kabla haijapita kwa mwingine. Kazi ikiisha, zima Bluetooth. Na simu usiyoijua ikiomba kuunganishwa na yako, kataa.

Mahubiri ya Jumapili iliyopita yako kwa mashemasi. Anayeyahitaji afute kwanza video za zamani, maana wiki jana kadi tatu zilikuwa zimejaa.