Altezza, vumbi na filtre ya bei rahisi: ununue nini kwanza?



Kila kiangazi kikianza, hakukosekanaka mwenzetu mwenye ananiuliza swali moja. Amepata motokari ya mbio ya zamani, mara nyingi Toyota Altezza, anataka kubadilisha upande wenye hewa inaingilia kusudi moteri ipate nguvu, lakini makuta ni kidogo. Anunue nini? Leo najibu mara moja kwa wote. Kazi yangu si ufundi, nilisoma agronomi, niko mutu wa udongo na mahindi. Lakini jibu la swali hii liko mu udongo kuliko vile munafikiri, na hilo somo lililipwa na makuta ya yaya wangu.

Yaya alinunua Altezza ya silinda sita, litre mbili. Ilitoka Japani, ikashuka Dar es Salaam, ikapita Nakonde mpaka Kasumbalesa, ikaingia Lubumbashi na usukani wake wa kuume. Hizo motokari zilitengenezwa kati ya 1998 na 2005, na hiyo moteri ikiwa mupya ilikuwa na nguvu ya farasi 160. Mupango wa yaya ulikuwa mwepesi: siku ya Posho motokari ikodishwe kwa mandoa, siku zingine mimi niitumie kufuata wakulima wa mboga kwenye njia za udongo, nje ya muji.

Mimi njo nilimushauri. Nilimwambia: "Yaya, tutoe hii boksi nyeusi ya plastike, tuweke filtre ya wazi. Itapumua muzuri." Tukanunua sokoni kiti ya dola 30: tiyo ya chuma yenye kung'aa na filtre nyekundu ya umbo la pembe. Sauti ilikuwa tamu, sitawadanganya. Watoto wa avenue walikuwa wanasimama kusikiliza.

Tulimaliza kiangazi kizima hivyo. Mvua ya kwanza ilikuta motokari inatoa moshi wa bluu asubuhi na inakunywa mafuta ya moteri, karibu litre moja kila kilometre elfu. Fundi akatoa tiyo, akapitisha kidole ndani, nyuma ya filtre, mahali penye palipaswa kuwa safi. Kidole kilitoka chekundu. Akapima presioni: silinda mbili zilikuwa zimeshuka. Ikabidi kufungua moteri. Ilikula mishahara yangu ya miezi mine, na Posho saba za mandoa zikapotea. Yaya hakunitukana. Aliniuliza tu: "Shi weye njo ulisoma mambo ya udongo?"

Basi tuongee udongo, kisha tuongee manunuzi.

1. Filtre inaweza kukupa nini, na nini haiwezi

Moteri ya litre mbili, ukiikanyaga mpaka chini kwa mizunguko 3000 kwa dakika, inaweza kuvuta karibu litre 3000 za hewa kila dakika. Saa moja hivyo ni kama metre kyubu 180, hewa ya nyumba nzima yenye vyumba vingi. Hiyo yote inapita mu filtre moja.

Lubumbashi iko juu ya bahari karibu metre 1200. Kwa urefu huo hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu 11 kwa mia. Moteri isiyo na turbo inapoteza nguvu karibu kiasi hicho hicho: zile farasi 160 za kwenye karatasi, hapa kwetu hazifiki 145, hata moteri ikiwa mupya. Hakuna filtre yenye inaweza kurudisha hewa yenye haiko. Filtre muzuri inarudisha tu kile filtre yenye kuziba ilikuwa inakunyang'anya. Na hata hicho, unakisikia zaidi ukikanyaga sana. Mu mwendo wa kawaida mu muji hausikii kitu.

Kwa hiyo mwenye anakuuzia filtre na kukuahidi farasi 20, umuulize zinatoka wapi.

2. Vumbi letu ni kitu gani

Mu somo la udongo tulijifunza kupanga chembe kwa ukubwa. Mikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimetre. Mchanga unaanzia mikroni 50 kwenda juu. Chini yake kuko chembe za katikati, kati ya 2 na 50. Chini ya 2 ni udongo wa mfinyanzi. Unywele wa mutu ni karibu 70. Motokari ikipita njia ya udongo, mchanga unaanguka haraka, lakini zile ndogo zinabaki hewani dakika nyingi, na motokari ya nyuma inazivuta.

Sehemu kubwa ya mchanga, na sehemu ya hizo chembe za katikati, ni kwatzi. Kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs, chenye kinaanza na 1 na kuisha na 10, kwatzi iko 7. Chuma cha silinda kiko chini yake sana. Weka hizo chembe katikati ya segima na ukuta wa silinda, kwenye mafuta membamba yenye yanazitenganisha, halafu uzisugue mara elfu kwa dakika. Hakuna kitu kinavunjika siku hiyo, hakuna taa inawaka. Inalika polepole, na siku utakapoona moshi imeisha kulika.

Wenye wanatengeneza trakta wanajua hii tangu zamani. Trakta nyingi za zamani ziko na filtre ya mafuta: hewa inazungushwa kwanza kusudi vumbi nzito ianguke mu kikombe, kisha inapita kwenye mafuta yenye yanashika iliyobaki. Nilichora hiyo mashine mu mtihani, nikapata pointi nzuri. Kisha nikaenda kuweka pembe ya dola 30 mu motokari yenye inatembea njia moja na trakta.

3. Joto na kaptere

Boksi ya plastike yenye tulitupa haikuwa pale kwa urembo. Mudomo wake unavuta hewa ya mbele, ya baridi. Filtre ya wazi chini ya kapo inavuta hewa yenye imepashwa na moteri. Hesabu ni hii: hewa ya degre 25 ikipanda mpaka 55 inapungua uzito karibu 9 kwa mia. Kwa hiyo unaweza kulipa makuta ili upate sauti ya nguvu na nguvu yenyewe ipungue.

Jambo la pili ni kaptere ya hewa. Mu Altezza ya silinda sita inakaa nyuma tu ya filtre. Ndani kuko kiwaya chembamba chenye kinapashwa moto. Hewa ikipita inakipoza, na kompyuta inahesabu hewa kwa umeme wenye unahitajika kukishikilia kwenye joto lake. Hesabu hiyo imepangwa kwa upana wa tiyo yake ya asili. Ukihamisha kaptere mu tiyo pana, tuseme kutoka milimetre 70 kwenda 76, nafasi inaongezeka karibu 18 kwa mia, hewa inapita polepole mbele ya kiwaya, na kompyuta inafikiri hewa imepungua. Inatoa esansi kidogo. Mu mwendo mutulivu inaweza kujisahihisha, lakini ukikanyaga sana moteri inawaka na njaa ya esansi, inapata joto, inaanza kugonga.

Kitu kingine: zile filtre za pamba zenye kupakwa mafuta. Ukipaka mengi, yanaruka mpaka kwenye kiwaya, na hesabu inaharibika vilevile.

4. Ununue kwa utaratibu huu

Kwanza, usinunue kitu. Fungua boksi ya asili uangalie kama iko yote: mudomo wake wa mbele, kifuniko, na vile vibano vya kufungia. Motokari nyingi za zamani zinafika na kibano kimoja kimekatika, na hewa inapita pembeni ya filtre. Kama boksi ilitupwa, tafuta ya okazyo kwa wenye wanauza piesi za motokari zilizobomolewa. Hiyo njo manunuzi ya kwanza.

Pili, filtre ya karatasi ya umbo la asili, yenye ubora. Tutarudi hapo.

Tatu, tiyo ya mpira yenye inaunganisha boksi na moteri. Baada ya miaka 20 inapasuka mu mikunjo, mahali penye huoni. Ikunje kwa mikono miwili ukitazama. Ufa nyuma ya kaptere unaingiza vumbi na hewa yenye haikuhesabiwa. Ukiona moteri ikisimama inapanda na kushuka yenyewe, anza kutafuta pale. Ukinunua mupya, angalia mpira wake usiwe laini sana. Yenye mpira laini sana inaweza kujibana moteri ikivuta.

Ine, kolye mupya za kufunga hizo tiyo. Ni kitu cha bei ndogo kabisa, na watu wanakisahau.

Tano, dawa ya kusafisha kaptere, ile yenye imetengenezwa kwa kaptere ya hewa. Usiguse kiwaya na kidole wala kitambaa. Acha ikauke vizuri mbele ya kuwasha.

Kama kumebaki makuta na roho ingali inataka zaidi, njo unaweza kununua filtre ya nguvu yenye inaingia mu boksi ya asili. Pembe ya wazi niiache kwa mwenye anatembea lami tupu, ana ukuta wa kuzuia joto, na anakubali kusafisha mara nyingi. Ile tiyo ndefu yenye inashusha filtre chini ya bampa, sahau. Mvua ya mwezi wa kwanza ikijaza avenue, itavuta maji. Maji hayabanwi kama hewa: piela inapinda, moteri inakufa palepale. Na mwenye ana Subaru ya turbo awe mwangalifu mara mbili, juu vumbi inapiga mabawa ya turbo mbele ya kufika mu silinda.

5. Namna ya kupima filtre sokoni

Kartoni yenye jina kubwa haishuhudii kitu, juu kartoni inachapishwa. Beba filtre yako ya zamani, uziweke pamoja. Hesabu mikunjo: yenye mikunjo michache sana ina karatasi kidogo, itaziba haraka. Inua kwenye jua: mwangaza upite sawasawa, ukiona nukta zenye kung'aa, ni matundu, rudisha. Bonyeza mpira wa pembeni: uwe laini, urudi haraka. Angalia kona, gundi isiachie nafasi.

Nyumbani, paka grisi nyembamba sana mahali penye mpira wa filtre unakalia, upande wa ndani. Baada ya wiki moja ya njia ya vumbi, fungua. Kama grisi iko na mstari wa vumbi, pale njo inapita. Pitisha pia kitambaa cheupe ndani ya tiyo, nyuma ya filtre. Kikitoka cheupe, filtre yako inafanya kazi, hata kama ni ya bei ndogo. Kikitoka chekundu, simamisha motokari mpaka ujue sababu.

Halafu tuache zile desturi mbili. Ya kwanza, kuosha filtre ya karatasi na esansi: unaharibu karatasi na gundi. Ya pili, kuipiga na kompresere kutoka inje kwenda ndani: unasukuma vumbi ndani ya karatasi na unaweza kuitoboa. Kama ni lazima, igonge polepole, upepo mudogo kutoka ndani kwenda inje. Wala usiifanye kila siku; filtre yenye vumbi kidogo inashika vizuri kuliko ile mupya kabisa. Mu kiangazi angalia kila wiki mbili, ubadilishe mbele ya muda wenye kitabu kinasema, juu kile kitabu kiliandikwa kwa barabara za lami za Japani.

Altezza ya yaya inatembea tena. Boksi yake ni ya okazyo, imekwaruzwa, kifuniko kina rangi tofauti na chini. Filtre ni ya karatasi. Ile sauti tamu imepotea, na watoto wa avenue hawasimamake tena. Kila mwezi namurudishia yaya sehemu ya deni, imebaki miezi mitano. Posho iliyopita ilibeba bibi-arusi, na mbele ya kuipamba maua yaya alifungua kapo, akapitisha kitambaa cheupe mu tiyo, akanionyesha bila kusema kitu. Kilikuwa cheupe.