Utangulizi: Kuisoma Simu Kutokea Kabalagala

Wengi wanaoingia katika fani hii, inayochunguza teknolojia ya kidijitali katika elimu na jamii, huja na swali moja: je, mitandao ya kijamii inawaharibu vijana? Karibu sana, lakini swali hilo liweke kando kwanza. Linachukulia kwamba kila kijana ana simu, simu ina chaji na bando lipo. Kabla ya kuuliza simu inamfanyia nini mtu, uliza ni ya nani, nani anailipia, na nani ana uwezo wa kuizima.

Kabalagala panafaa kwa mazoezi hayo. Ni mtaa wa Makindye, kusini mwa Kampala, kando ya barabara ya Ggaba. Unasifika kwa baa na muziki wa usiku (hata wasiowahi kufika wana maoni juu yake), ila ukiifuata barabara hiyo kidogo tu unafika Kansanga, kwenye Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kampala, kilichoanza mwaka 2001. Wanafunzi, mawakala wa pesa za simu, wahudumu wa baa, Waeritrea, Waethiopia na Wakongomani waliokuja na Kiswahili chao wanashika mtandao kutoka minara ileile, kila mmoja kwa kiasi cha mfuko wake.

Chukua kodi ya Julai 2018. Serikali ya Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetumia WhatsApp, Facebook au Twitter, baada ya Rais Museveni kuiandikia wizara ya fedha akilalamikia umbea wa mitandaoni. Kwa mhadhiri, shilingi 200 si kitu. Kwa anayenunua intaneti ya siku moja moja, kama anavyonunua mkaa, kilikuwa kiingilio cha kulipwa kabla hata ya bando lenyewe, shilingi 6,000 kwa mwezi. Wengi walikimbilia VPN. Mwaka 2021 kodi ikafutwa, ikaja nyingine ya asilimia 12 juu ya bando. Wanafunzi waliokuwa wakitumiana notsi kwenye kundi la WhatsApp nao waliilipa ile kodi ya umbea, jambo ambalo mijadala ya elimu huligusa mara chache mno.

Halafu shule zikafungwa kwa sababu ya UVIKO-19. Kuanzia Machi 2020 hadi Januari 2022, wiki 83 za kufungwa kabisa au kwa sehemu, muda mrefu kuliko nchi nyingine yoyote duniani, wanafunzi wapatao milioni 15 waliathirika. Masomo yalipita redioni, kwenye televisheni na magazetini. Wenye uwezo walisoma kwa Zoom. Wapo wanaokiita kipindi hicho jaribio la elimu mtandaoni lililoshindwa. Mimi nasita. Nyumba yenye watoto wanne na simu moja, ambayo mama huondoka nayo asubuhi kwenda kazini, haikuwahi kuingia kwenye jaribio lolote. Simu ikitoka, shule imetoka. Tena redio nayo ni teknolojia, ingawa wasomi wetu huisahau kwa kuwa haina kioo.

Redio hiyohiyo ilitangulia mitandao katika siasa. Miaka ya 2000 Radio One ilirusha mijadala ya hadhara, ebimeeza, kutoka baa ya Club Obbligato, mpaka serikali ilipoipiga marufuku Septemba 2009. Florence Brisset-Foucault ameiandikia kitabu kizima. Ukikisoma, kuzimwa kwa intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021 hakutakushangaza kama jambo jipya. Wala hutastaajabu kwamba mwaka 2023 mchora katuni na mhadhiri Jimmy Spire Ssentongo aliwaita wakazi wa Kampala waonyeshe mtandaoni picha za mashimo ya barabara zao, nao wakaitika kwa wingi.

Kwa kuanzia, soma Nanjala Nyabola (2018) kuhusu Kenya, Victoria Bernal (2014) kuhusu Waeritrea wa ughaibuni na taifa lao la mtandaoni, na Charlotte Hawkins (2023), aliyekaa na wazee wa mtaa mmoja wa Kampala akisikiliza wanavyokisema kizazi cha "dotcom". Hawkins ndiye nimpendaye zaidi, kwa kuwa hakuanza na vijana.

Kazi iliyobaki ni nyingi. Watafiti walizoea Twitter (sasa X) kwa sababu hadi 2023 maandishi yake yalikusanywa kwa urahisi. Mazungumzo mazito ya Kabalagala yamo kwenye ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa Kiswahili, Kiganda, Kilingala na Kitigrinya, ndani ya makundi ambayo mtu huingizwa na anayemwamini. Hakuna programu itakayokuvunia hayo. Utaomba ruhusa kwa msimamizi wa kundi, utajieleza kwa wanachama wote, na atakayekataa utaiacha sauti yake nje ya daftari lako.